Msaada wa kulitambua gari la wazi kwenye picha ya babu, Mbeya 1964

Mwana_Sisimba

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Naomba msaada kwa wajuzi wa magari ya zamani hasa haya ya Mwingereza. Tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu bibi hapa nyumbani, kwenye sanduku la bati ikatoka picha ya babu kasimama pembeni ya kigari kidogo cha wazi hakina paa, kavaa shati jeupe na kofia, mkono mmoja kauweka juu ya boneti utadhani lake. Kwa nyuma kuna milima, mi nasema Loleza, mama anabisha. Nyuma ya picha pameandikwa kwa peni "Mbeya 1964" basi, hakuna jina la mtu wala nini.

Ninachojua mimi babu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye mambo ya chai upande wa Rungwe, na alikuwa anaendesha Land Rover ya shamba. Hiki kigari hakuna aliyewahi kukitaja mpaka picha imetoka ndo shangazi mkubwa akasema ehee hicho nakikumbuka, mlango wake haukuwa na kishikio kwa nje, unaingiza mkono ndani unavuta kamba. Hapo ndo nikachoka, gari gani linafunguliwa kwa kamba?

Picha nimeweka hapo juu, nimeipiga kwa simu mnisamehe kwa mwanga. Ukikuza unaona rimu za spoku, shoo ya mbele ina vyuma vyembamba vya wima, kioo cha mbele kifupi kipande kimoja, usukani kulia. Namba haisomeki maana babu kaiziba na mguu. Naomba kujua ni gari gani, liliishije Mbeya enzi hizo barabara vumbi tupu, na je kuna mtu humu aliwahi kuyaona mengine huku kwetu Nyanda za Juu? Wenye picha wekeni tafadhali, hata kama zimechakaa.

BoyWaKabwe

Hiyo Jaguar hiyo mkuu. Babu yako alikuwa mtu mzito sema hamkuambiwa 😂 kacheki vizuri hilo sanduku kama hakuna na hati za viwanja

Fundi_Makambako

Marahaba kijana. Sio Jaguar hiyo. Namwelewa huyo wa Kabwe kwa nini kasema hivyo, maana Jaguar XK120 ya wazi nayo haina vishikio vya mlango kwa nje, lakini kioo chake cha mbele ni vipande viwili vimekutana katikati kwa pembe na chako hapo ni kimoja bapa. Halafu XK ni dude refu, limebeba silinda 6 za lita 3.4, hapo babu yako kaweka mkono kwenye boneti bila kunyoosha hata bega.

Hiyo ni MG, ile wanaita MGA. Ilikuwa inatoka Abingdon karibu na Oxford, wameanza kuiuza 1955 wakaacha 1962 ilipoingia MGB. Walitengeneza zaidi ya laki moja na sehemu kubwa kabisa ilipakiwa meli kwenda Marekani usukani ukiwa kushoto, kwa hiyo hizi za usukani kulia sio nyingi kihivyo duniani, shika hiyo picha vizuri. Na shangazi yako ana kumbukumbu safi, mlango wa MGA ya wazi unafunguliwa kwa ndani kwa kamba au waya wa kuvuta, wakati huo huo Triumph TR3 ya miaka hiyo hiyo ina vishikio nje kuanzia zile za shoo pana, kwa hiyo kamba peke yake imeshatuondolea nusu ya maswali.

Sasa MGA ipi. Ile ya mwisho, Mark II ya 1961 na 62, vyuma vya shoo vimezama ndani kwa chini na taa za nyuma zimelala, wamechukua zile zile za Mini. Kwenye picha yako vyuma vimefuata umbo la pua mpaka chini, kwa hiyo ni 1500 au 1600 ya kwanza. Ningeiona kwa nyuma ningekwambia moja kwa moja maana 1600 indiketa za nyuma ziko peke yake, 1500 zimeunganishwa na taa ya breki. Bampa nayo imeng'oka upande mmoja ukiangalia, hiyo ni barabara zetu imeshaanza kazi.

Kuhusu ilivyoishi. Watu wakiona kigari kama hiki wanadhani ndani kuna maajabu. Hamna kitu. Injini ya MGA 1500 ni ile ya sisi 1489 ya BMC, kampuni iliyokuwa na MG, Austin na Morris, ndugu wa tumbo moja na Austin Cambridge na Morris Oxford. Hizo zilikuwa gari za kawaida kabisa, fundi aliyezizoea akifungua boneti ya MG anakuta mambo yale yale, tofauti kubwa anakuta kabureta mbili za SU badala ya moja, na kichwa kimetengenezwa kivyake kidogo ipumue vizuri. Ndo maana hata leo mtu akikwama pistoni au gasketi anaangalia India, wenzetu kule injini hiyo waliendelea nayo miaka mingi kwenye Hindustan Ambassador. Shida ya MGA sio injini. Shida ni kwamba sakafu yake ni plaiwudi. Ndio, umesoma vizuri, unakanyaga mbao. Chasisi ni ya chuma nzito kweli lakini miguu yako iko juu ya plaiwudi, sasa weka hiyo kitu Tukuyu kwenye mvua zile alafu uniambie.

Mama_Gangilonga

Kamwene wote. Uzi huu umenigusa hadi nimeenda kutoa albamu kabatini. Nimeweka picha mbili, moja rangi imeshakufa imebaki njano tupu.

Mimi ni wa Iringa, baba alikuwa fundi matrekta kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja nje ya mji. Yule mzee Mgiriki mwenyewe alikuwa na Peugeot ya kawaida tu, sasa alikuwa na kijana wa dada yake, huyo ndo alikuwa na Triumph TR3 nyekundu. Ile picha ya kwanza mtoto aliyekaa juu ya mlango ni mimi, na mnaona mlango ulivyochongwa kwenda chini, baba alikuwa anasema ukikaa upande wa abiria ukiteremsha mkono unagusa barabara na ni kweli kabisa nilikuwa nafanya hivyo nachapwa.

Yule kijana kila Jumamosi alikuwa anaitoa kule shamba anakuja nayo mjini anapaki Miyomboni, vijana wanaizunguka, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Sasa siku moja ikaanza kuingiza maji kwenye oili, ile oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, kijana akataka iwekwe kwenye lori ipelekwe Dar kwa mafundi wa mjini. Baba akamwambia subiri kwanza niifungue. Akaifungua akacheka. Kumbe injini ya TR slivu zake, yale mabomba ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, zinachomoka, zimezungukwa na maji, na chini zimekalia gasketi nyembamba za umbo la namba 8, na mpangilio huo huo baba alikuwa anaushika kila msimu kwenye Ferguson za kijivu, TE20, kwa sababu Standard kule Coventry ndo walikuwa wanaunda trekta la Ferguson na Triumph nayo ilikuwa ya kwao hao hao. Injini zile ni za ukoo mmoja na ile ya Standard Vanguard. TR ni sisi 1991, kabureta mbili, inazunguka haraka, lakini ukifika chini kwenye slivu unakuta ni mambo ya shambani.

Baba akazichomoa akasafisha pale zinapokalia akabadilisha zile gasketi akarudisha, gari likaendelea. Yule kijana alikuwa anajisikia sana na gari lake la spoti, sasa tangu siku hiyo wafanyakazi wakawa wanaliita trekta. "Trekta limekuja." Alikuwa anakasirika huyo!

Waliondoka mwisho wa miaka ya 60. Gari lilikwenda wapi sijui, baba alisema lilipakiwa kwenye lori usiku.

KijanaWaUyole

Mama shikamoo, story kali sana. Ila mimi nina swali kwa wote, haya magari yako chini hivyo, yalipitaje mlima Kitonga na hiyo njia ya Igawa kabla ya lami? Vitz tu yangu inagusa tuta la hapa Uyole. Na mbona kwenye Safari Rally za zamani sisikii MG wala Triumph imeshinda wakati ndo gari za spoti zenyewe?

Mzee_wa_Kitonga

Umejijibu mwenyewe kijana, ziko chini.

Safari ile ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikawa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Angalia walioshinda miaka hiyo. VW Beetle 1954, Ford Zephyr 1955, Mercedes 1961, Peugeot 404 mwaka 1963, Ford Cortina 1964, Joginder Singh na Volvo 1965. Hakuna la wazi hata moja. Gari la spoti la Mwingereza limetengenezwa kwa njia za kwao, lami nyembamba kona nyingi mvua kidogo, likifika huku linakutana na rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, mwendo wa kutwa nzima. MG zile shokapu zake sio hizi za bomba mnazozijua, ni kikopo cha mafuta kimefungwa kwenye chasisi kina mkono unapanda na kushuka. Kwenye rasta mafuta yanapata moto, sili zinaanza kuvuja, shokapu inabaki jina, gari linaanza kuruka nyuma. Waliokuwa nazo walikuwa wanaongeza mafuta kwenye vile vikopo kila mara, ukisahau ndo unaona mtu kaingia mtaroni sehemu imenyooka kabisa.

Mimi nimeendesha malori njia hiyo nikiwa kijana, tanboi kwanza alafu dereva. Hayo magari tulikuwa tunayakuta mara chache na mara nyingi tunayakuta yamesimama 😀 kutoka Iringa kuteremka Kitonga hayakuwa na shida, mepesi na yale ya Triumph kuanzia mwishoni mwa 1956 yalikuwa na disk breki mbele wakati sisi kwenye lori tunashikilia gia na kumwomba Mungu. Shida ni kurudi. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile unaanza kupanda, mbele yako kuna lori linatambaa, huwezi kuovateki, hakuna upepo wa kuingia kwenye rejeta, hapo kigari kinachemsha. Tuliwahi kumgawia maji mzungu mmoja na mkewe, mke alikuwa amefunga kitambaa kichwani na uso mzima mwekundu kwa vumbi, anacheka tu, mume ndo amenuna. Wakatupa biskuti.

Na hizo gari zilikaa wapi huku? Zilikaa mjini na mashambani. Wanatembelea klabu, wanaenda kanisani, wanazunguka. Safari ya mbali alikuwa na Land Rover yake au Zephyr. Kwa hiyo huyo babu wa mwenye uzi inawezekana kazi yake na hicho kigari ilikuwa kukiosha na kukipeleka petroli basi.

Forest_MGB

Heshima kwenu wazee. Nilikuwa nasoma kimyakimya ila sasa inabidi nitokee. Mimi ninayo MGB ya 1965, iko hapa Mbeya, Forest, na inatembea. Picha tatu hapo juu, moja iko barabara ya Chunya pale juu unapoona bonde la Usangu lote, samahani kwa vidole vya mpiga picha.

Niliipata kwa mzee mmoja Moshi, ilikuwa imekaa bandani imefunikwa turubai na kuku wanalala ndani. Sitaelezea bei maana mke wangu yumo humu.

Niongeze mambo mawili kwa anayetaka kuziweka huku kwetu. La kwanza ni urefu kutoka usawa wa bahari, watu hawalizingatii. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hewa nyembamba, hesabu ya haraka haraka unapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300. Injini yangu sisi 1798 kiwandani wanasema farasi 95, hapa zinabaki kama 80 hivi na sina wa kumlalamikia. Ila kabureta inalalamika, maana imepangwa kwa hewa ya chini, huku inameza petroli kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi tii, inamisi, moshi mweusi ukikanyaga. Fundi wengi wanakimbilia kubadilisha koili na platini. Acha. Kabureta ya SU ina nati chini ya jeti, lile tundu la petroli, ipandishe kidogo kidogo, petroli inabana. Halafu kuna kipini pembeni, kisukume taratibu kiinue pistoni ya kabureta kama milimita moja hivi usikilize: injini ikipandisha mlio na kubaki juu bado petroli nyingi, ikitaka kuzima umebana mno, ikipanda kidogo na kutulia hapo hapo uko sawa. Fanya moja kisha nyingine, mimi nasikiliza kwa kipande cha mpira wa maji sikioni, majirani wameshazoea. Na ukishuka nayo Dar kumbuka kuirudisha, la sivyo itakuwa na njaa na itachemsha pale pale alipomgawia mzee maji yule mzungu.

La pili, umeme. Yangu ya 65 na hiyo MGA ya babu, bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, kinyume na gari zote mnazozijua. Na betri zenyewe ni mbili za volti 6 ziko nyuma ya viti, sio chini ya boneti. Kijana wa redio alikuja kunifungia redio, nikamwambia ndugu yangu angalia kwanza, akaniambia bosi mimi nimefunga redio gari elfu. Ikatoa moshi kabla ya taarifa ya habari.

Spana nazo, tafuta za inchi. Namba 13 ya milimita inaingia kwenye nati ya nusu inchi ila inacheza, inakula pembe, baada ya miaka ndo unakuta nati zimekuwa duara na mtu anazifungua kwa patasi.

BoyWaKabwe

Forest_MGB kumbe ni wewe!! Ile ya kijani inayopita Mafiat Jumapili? Mi nilijua ni ya mzungu wa mradi. Mkuu naomba lifti hata mpaka Iyunga tu

Forest_MGB

Karibu, ila ukikaa usiguse kitasa cha dirisha, kiko pale kwa sura tu.

Mwana_Sisimba

Wazee asanteni sana, nimemsomea shangazi uzi wote amecheka mpaka kikohozi, hasa hiyo ya trekta. Na amekumbuka mengine. Anasema yule bwana wa chai alipoondoka kigari alimwachia babu kwa sababu kilikuwa hakitembei, na babu akakivuta mpaka kijijini Rungwe. Kikakaa pale miaka, spea hakuna hela hakuna, na zile enzi za marufuku ya magari binafsi Jumapili mchana nani angehangaika na gari la kutembelea. Sakafu ikaoza kama alivyosema Fundi, watoto wakawa wanakaa ndani miguu inagusa majani wanaendesha kwa kukimbia. Bodi ilikatwa ikauzwa chuma chakavu, shoo ya mbele anasema ilikuwepo jikoni inatumika kuchomea mahindi, hapo nimeumia.

Lakini injini haikuuzwa na bodi. Mjomba mmoja aliichukua akaifunga kwenye mashine ya kukoboa kahawa, baadaye umeme ulipofika ikawekwa pembeni, na shangazi anasema mpaka msiba wa mwaka juzi ilikuwepo kwenye banda la yule mjomba chini ya magunia. Wikiendi hii napanda Tukuyu. Nitajuaje kama ni yenyewe na sio ya Cambridge?

Fundi_Makambako

Hapo sasa ndo umetuamsha. Sikiliza vizuri. Ubavuni mwa bloku, upande wa dainamo, kuna kibati kidogo kimepigwa riveti. Kisugue na mafuta ya taa na kitambaa, usitumie brashi ya waya wala msasa, herufi zimegongwa kwenye bati laini utazifuta ubaki na kipande cha bati tupu. Ukisoma 15GB au 15GD hiyo ni MGA 1500. Ukisoma 16GA ni ile 1600 ya kwanza. Ukikuta herufi nyingine piga picha uilete hapa, inaweza kuwa ya Morris au ya Austin, watu walikuwa wanabadilishana sana. Angalia pia kama manifoldi ya kuingizia hewa ina sehemu mbili za kabureta, ingawa kwa kukoboa kahawa najua watakuwa wamefunga moja.

Na ulizia kama kuna mtu alibaki na kibati cha chasisi, wazee wengi walikuwa wanaking'oa wanakitunza na kadi ya gari. Hicho ndo dhahabu. Daftari za kiwanda cha MG zimehifadhiwa Uingereza, pale Gaydon kwenye jumba la makumbusho ya magari ya Mwingereza, ukiwapelekea namba ya chasisi na ada yao wanakutolea cheti, siku gari lilipoundwa, rangi yake ya kwanza, namba ya injini iliyotoka nayo na lilipelekwa soko gani. Ukilinganisha namba ya injini ya kwenye cheti na hiyo ya bandani mjadala umekwisha.

Kuhusu kununua, mjomba usimwonyeshe macho. Mwambie unataka chuma cha zamani cha kumbukumbu ya babu, mpelekee sukari na kitenge cha shangazi, kaa naye kwanza unywe chai. Ukianza kupiga picha na simu kila upande kabla hamjaongea bei, hiyo injini itakuwa ya Jaguar kabla hujatoka getini.